KONA YA KAZI: Nani anafundishwa mashine?

Mwezi huu karibu meseji zote zimetoka viwandani, nondo, nguo, plastiki, vinywaji, na nyingine nimezisoma mara mbili mbili maana zinanirudisha mbali. Mi mwenyewe nimekaa kiwanda cha nguo miaka kumi na sita, ule mlio wa mashine za kusokota naujua, unakaa kichwani mpaka umelala, kwa hiyo mkiniandikia habari za shifti ya usiku au vumbi la pamba hamna haja ya kunieleza sana. Nimechagua maswali sita. Majina nimeyaondoa yote, na viwanda sivitaji hata pale nyie wenyewe mlipovitaja, nataka mtu apate jibu na kesho bado aingie getini.

Shikamoo mama. Nina miaka 27, nafanya kazi kiwanda cha nondo. Niliingia kama kibarua na huu ni mwaka wa nne bado ni kibarua, tunalipwa kwa wiki, tunasaini daftari getini. Mashine ya kukata naijua vizuri, vijana wapya wakija wananiletea mi niwafundishe, alafu baada ya miezi mitatu wao wanapewa mkataba na kitambulisho, mi nabaki na daftari. Nikiuliza naambiwa sina cheti. Mwaka jana walipeleka watu kumi na mbili mafunzo ya mashine mpya, jina langu halikuwepo. Nikidai naogopa kuambiwa kesho usije. Nifanyeje? – Kibarua, Mkuranga

Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na hiyo orodha ya watu kumi na mbili, kwa sababu hapo ndo maisha ya mtu wa kiwandani yanapoamuliwa, kabla hata ya mkataba. Hakuna meneja atakayekuita akwambie "wewe hatutaki upande". Inabandikwa karatasi ya majina karibu na mashine ya kugongea kadi, na ambaye hayupo mwaka huu, na mwaka kesho hayupo, na wa tatu hayupo, ndo huyo nafasi ikitoka ataambiwa hana sifa. Mi nilikuwa kwenye mashine za kuzungushia nyuzi, nikarukwa miaka miwili mfululizo, msimamizi akaniambia usoni kwamba kumfundisha mwanamke ni hasara maana atazaa. Nilikuwa na miaka 24. Sikujibu kitu, niliinama nikaendelea kuunga nyuzi zilizokatika, na mpaka leo inaniuma kwamba nilinyamaza. Kwa hiyo we usinyamaze, ila usiende kichwa kichwa pia.

Sasa tuje kwenye sheria. Watu wengi hapa Tanzania wanaamini kibarua si mwajiriwa kwa kuwa halipwi mwisho wa mwezi, na waajiri wanapenda tuamini hivo. Soma Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa pale, kwamba saa zako anazipanga mwenye kazi, kwamba anakuelekeza namna ya kufanya, kwamba vifaa anakupa yeye, kwamba kipato chako kinamtegemea yeye, au kwamba umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! We unazimaliza kwa wiki moja tu. Hilo neno kibarua liko kwenye daftari la getini, mbele ya sheria we ni mwajiriwa, na ulitakiwa uwe umeshapewa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, cheo, mahali, saa, malipo, tarehe ya kuanza, ndivyo kinavyosema kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Na kifungu hichohicho kinasema mkifika kwenye shauri mwajiri akawa hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Kuhusu cheti, hilo usiliache liwe fimbo ya kukupigia kila mwaka. Serikali ina utaratibu unaitwa urasimishaji ujuzi, unaendeshwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kwa ajili ya watu kama wewe hasa, waliojifunzia kazini. Unafanyiwa tathmini, kama kuna sehemu una upungufu unapewa mafunzo mafupi, unapata cheti bila kwenda kukaa darasani miaka miwili kujifunza kitu ambacho unawafundisha wenzio. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu na wewe, ulizia fani zipi zinafanyiwa tathmini kwa sasa na lini. Fani hazifunguliwi zote kwa pamoja kwa hiyo ukiambiwa bado, acha jina na namba ya simu, rudi tena.

Alafu anza kukusanya. Piga picha ukurasa wako wa daftari kila wiki, tunza meseji za muamala kama mnalipwa kwa simu, tunza meseji za msimamizi akikwambia "kesho mfundishe fulani", maana hiyo meseji moja inaonyesha kazi yako halisi kuliko maneno ya mtu yeyote. Na usiende ofisini peke yako. Viwandani chama cha wafanyakazi kinachojulikana zaidi ni TUICO, uliza mwakilishi ni nani hapo kwenu, vibarua mkiwa kumi mkaandika barua moja inayoomba maelezo ya ajira kwa maandishi, ni ngumu kuwaambia watu kumi wanaojua mashine kwamba kesho wasije, uzalishaji utasimama. Kujiunga na chama ni haki ya kisheria na kumfukuza mtu kwa sababu hiyo si sababu halali.

Wakikuondoa, hesabu siku. Una siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na siku 60 kwa migogoro mingine. Nimeona watu wenye haki kabisa wanapoteza kwa sababu walikaa miezi mitatu wakisubiri "HR (afisa rasilimali watu) amesema ataniita".

Dada mambo. Nipo kiwanda cha nguo mwaka wa pili, nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nina mimba ya karibu miezi sita na kazini hawajui, najifunga kanga chini ya ovaroli. Mwenzangu aliposema alihamishiwa usiku na mkataba ulivoisha hawakumwongezea. Mwezi ujao kuna mafunzo ya cherehani mpya za kompyuta na jina langu lipo, wakijua watanitoa. Nikae kimya mpaka mafunzo yaishe? – Mama mtarajiwa, Dar

Mdogo wangu, kanga ifungue leo. Nakuomba kabisa. Unakaza tumbo masaa tisa kwenye joto lile, umekaa kwenye cherehani, hakuna mafunzo yenye thamani hiyo.

Na kimya hakikusaidii hata kisheria. Kifungu cha 33 cha hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka umtaarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na uambatanishe cheti cha daktari, kwa hiyo wewe wiki hii ndo wiki yako hasa. Nenda kliniki, pata karatasi, andika barua fupi, toa kopi, kopi yako igongwe mhuri wa kupokelewa au HR asaini na tarehe. Ukishafanya hivo ulinzi wote unaanza kuhesabika. Siku 84 za likizo yenye malipo, mapacha siku 100. Unaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, na wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua hutakiwi kurudi kazini mpaka daktari akuruhusu. Shifti ya usiku, yaani saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hawaruhusiwi kukupanga kuanzia miezi miwili kabla ya kujifungua, na hata kabla ya hapo ukiwa na cheti cha daktari kwamba afya yako haimudu usiku. Kazi yenye hatari kwako au kwa mtoto hawaruhusiwi kukupa, wanatakiwa wakutafutie nyingine kama ipo. Ukirudi unapewa muda usiozidi masaa mawili kwa siku wa kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Hilo la mkataba wa mwaka mmoja mmoja ndo wanapojificha wengi, wanasema "hatujamfukuza, mkataba umeisha wenyewe". Sheria imeliona hilo. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa, na pia pale anapomkatalia mama kurudi baada ya likizo ya uzazi. Umeongezewa mara ngapi mpaka sasa, wenzio wa laini yako wameongezewa? Andika yote hayo. Na mwenzio aliyeachwa mtafute, mwambie siku zinahesabika, akichelewa itabidi aombe kwanza Tume ikubali sababu za kuchelewa kwake.

Kukutoa kwenye mafunzo kwa sababu ya mimba ni ubaguzi, kifungu cha 7, na kimetaja mimba kwa jina lake. Kinagusa kuajiri, kupandisha cheo, mafunzo, kila kitu. Kinamgusa hata anayeomba kazi, kwa hiyo dada zangu mnaopimwa mkojo getini kabla ya kuajiriwa, hilo nalo ni kosa, msidhani ni utaratibu wa afya. Andika kwenye barua yako sentensi moja: "Naomba kuthibitishiwa kuwa nafasi yangu katika mafunzo ya tarehe fulani ipo kama ilivyotangazwa." Wakikutoa baada ya hapo watakuwa wamekuandikia ushahidi wenyewe.

Kwenye karatasi yangu ya mshahara nakatwa NSSF, kodi, TUICO, alafu kuna SDL na WCF. Ni sawa? – Opereta, Arusha

NSSF ni sawa, jumla ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu yako haitakiwi kuzidi 10. Kodi sawa. TUICO sawa kama ulijaza fomu, na kama hukujaza kuna ada ya uwakala ambayo inaruhusiwa pale chama kina wanachama zaidi ya nusu, uliza ni ipi unakatwa.

SDL na WCF hapana. Zote mbili anatoa mwajiri mfukoni kwake, hazitakiwi kugusa mshahara wako hata shilingi. WCF ni mfuko wa fidia ukiumia au ukiugua kwa sababu ya kazi. SDL ni tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10, mwaka 2023 ilishushwa mpaka asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, na sehemu yake ndo inayosaidia ufundi stadi nchini. Kwa hiyo unalipishwa wewe pesa ya mafunzo ambayo kiwanda ndo kinadaiwa, na huenda hata hayo mafunzo hujawahi kuyaona. Peleka hizo karatasi za mshahara kwa afisa kazi wa mkoa, zote ulizonazo.

Dada yangu, mimi ni mzee wa miaka 63, niko Mwanza. Kijana wangu wa pili ni kiziwi tangu ana miaka minne. Amesoma kuchomelea VETA, ana cheti, milango na mageti ya mtaa huu mengi kachomelea yeye. Aliitwa usaili kiwanda kikubwa, kwenye majaribio ya vitendo wakamsifu sana, kisha afisa usalama akasema hawezi kuajiriwa maana hatasikia honi ya foklifti. Nikirudi nyumbani namkuta amekaa tu. Je, kweli sheria inakubali hilo? – Baba

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma barua yako jikoni usiku na nikamsomea na mume wangu.

Sheria haikubali kirahisi hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasipungue asilimia 3. Kiwanda cha watu 600 maana yake watu 18. Ukisimama getini saa za kutoka utahesabu wangapi? Na kile kifungu cha 7 nilichokitaja kwa huyo dada kimetaja ulemavu pia.

Usalama ni jambo la kweli, sitaki kulipuuza, foklifti zinaua. Ila fikiria ndani ya karakana ya kuchomelea kukoje. Kuna magrenda, nyundo, feni, na wote wanatakiwa kuvaa vizibo vya masikio. Mle ndani anayesikia honi ni nani? Mwenye masikio mazima akivaa vizibo vyake ipasavyo naye hasikii vizuri, kwa hiyo kiwanda kinachotegemea honi peke yake kinahatarisha watu wake wote. Foklifti inafungwa taa inayowaka na kuzima, nyingine zinafungwa taa ya bluu inayopiga chini sakafuni mbele ya gari ili mtu aione kabla gari halijafika, sakafu inachorwa njia ya watu na njia ya magari, kwenye kona kinawekwa kioo, king'ora cha moto kinaongezewa taa, na kijana anavaa kizibao cha rangi yake wote wamjue. Hakuna hata kimoja hapo cha kutikisa kiwanda kikubwa, na kila mfanyakazi anafaidika. Yule afisa usalama alitakiwa aandike hayo, sio kumkataa.

Omba sababu za kukataliwa kwa maandishi, kwa heshima tu. Mpeleke kijana CHAVITA, chama cha viziwi, wamezoea kukaa na waajiri na wanajua habari za wakalimani wa lugha ya alama. Na kwenye shauri lolote mpeni nafasi aseme mwenyewe kupitia mkalimani. Samahani nikilisema hili mzee wangu, naona upendo wako, lakini kwenye usaili ule mlikuwa mnaongea nyie juu yake au walimuuliza yeye?

Hujambo dada. Niko Athi River, kwa kampuni ya kushona nguo za kuuzwa ng'ambo. Miaka miwili na nusu mimi ni kibarua, tunalipwa kwa siku. Supavaiza ndiye huchagua nani atafunzwe mashine zile za malipo mazuri. Ameniambia mara tatu niende kwake wikendi ndio jina langu liingie. Niliambia HR akaniuliza kama niko na ushahidi. Sasa supavaiza amenihamisha kwa kukata nyuzi. Nina watoto wawili, siwezi kuacha kazi. – Mama wa wawili, Machakos

Sijambo mamaa, na asante kwa kuniamini na jambo hili. Hujakosea kitu. Hukukosea kukataa, hukukosea kusema.

Kwenu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu dhuluma za kingono kazini, iseme unalalamika wapi, iseme mkosaji atafanywa nini, na iseme jina la mlalamikaji halitatolewa ovyo ila pale uchunguzi au nidhamu inapohitaji. HR alitakiwa kukupa sera hiyo na kuandika malalamiko yako. Kukuuliza ushahidi kisha kunyamaza sio kazi yake. Mwandikie, hata kwa wasap, "nilikuja kwako tarehe fulani kukueleza jambo hili, naomba nakala ya sera ya kampuni," meseji inabaki na tarehe yake. Na we andika kwenye daftari lako maneno aliyoyasema, siku, saa, mlikuwa sehemu gani, nani alipita karibu. Tarehe uliyokataa na tarehe uliyohamishwa kukata nyuzi ziandike pamoja, zinajieleza. Uliza pia kwa upole wenzako, mtu wa tabia hiyo mara nyingi haanzii kwa mmoja. Kuna pia Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, inamgusa mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake hivyo, na FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia kina mama kisheria bila malipo, anzia kwao kabla ya kwenda polisi peke yako.

Kwenye hilo la kibarua cha kila siku, soma kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo. Kibarua akishafanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, ajira yake inageuka kuwa ya mwezi na haki zake zinakuja nayo. Miaka miwili na nusu! Hapo una mambo mawili ya kudai, na wakili wa FIDA atakwambia yaende pamoja au moja moja.

Wasomaji wa Tanzania mnaoandikiana haya haya pembeni, kwetu kumdai mtu ngono ili apate kazi, cheo au haki yoyote ni kosa la jinai, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ni 113, haina malipo. Tena angalieni hapa tatizo limeanzia wapi. Mtu mmoja amepewa kalamu ya kuandika nani afundishwe, hakuna vigezo vilivyobandikwa, hakuna wa pili anayesaini. Mpe mtu yeyote mamlaka ya namna hiyo bila macho juu yake, kuna siku atayatumia vibaya. Kampuni inayoacha hivo isiseme haikujua.

Habari dada, naomba usinitaje wala mkoa. Mimi ni afisa rasilimali watu, kampuni ina watu 1,100, karibu nusu wameletwa na wakala. Wateja wetu wa Ujerumani na Ufaransa wametuletea fomu ya maswali zaidi ya 80 kuhusu haki za binadamu, ujumuishi, mafunzo ya wafanyakazi. Mkurugenzi amesema nijaze "ndiyo" kila mahali. Ninajua si kweli. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, kwanza usisaini kitu unachojua ni uongo, maana siku wakaguzi wakija jina lililopo chini ya fomu ni lako, sio la mkurugenzi.

Mweleze mkurugenzi hizo fomu zimetoka wapi, pengine anadhani ni mapambo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka Savar, nje kidogo ya Dhaka huko Bangladesh, watu 1,134 wakafa, wengi wao kina dada wa kushona. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifunga, washonaji wakaambiwa warudi kazini, wengine walitishiwa mshahara. Mimi wakati ule nilikuwa bado kiwandani, tuliangalia taarifa ile kantini na hakuna aliyemaliza chakula. Hakuna aliyekosa sera ukutani kule, walichokosa ni mtu mmoja wa laini mwenye uwezo wa kusema "hatuingii" asifukuzwe. Baadaye Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2017 inayozibana kampuni kubwa zichunguze madhara mpaka kwa wale wanaoziuzia mali, Ujerumani yao ikaanza kutumika 2023 kwa kampuni za watu 3,000, mwaka uliofuata zikashuka mpaka za watu 1,000. Nyuma ya hizo kuna ile miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011, serikali ilinde haki, kampuni iziheshimu, aliyeumizwa apate njia ya kutendewa haki.

Ukitaka pa kuanzia, chukua orodha zote za mafunzo za miaka mitatu iliyopita ukae nazo na kalamu. Wangapi wanawake. Wangapi wa wakala. Wangapi wenye ulemavu. Wangapi wamekwenda mara tatu wakati wengine hawajaenda hata moja, na msimamizi wao ni nani. Hiyo kazi ni ya siku mbili na itakuonyesha kampuni yenu ilivyo kuliko maswali 80. Ukikuta wa wakala hawapo kabisa, ujue nusu ya kampuni hamuiendelezi, na ajali zikija zitawapata hao kwanza kwa sababu hakuna aliyewafundisha.

Alafu toka ofisini. Nenda kaone vyoo vya kina dada viko mbali kiasi gani na laini na kama wanaomba ruhusa kwa mwanaume ili waende. Kaulize stoo buti za usalama namba 37 zipo au kina dada wanajaza soksi kwenye namba 42. Kaangalie sanduku la malalamiko limefungwa wapi, mi nimeshaona moja limefungwa chini ya kamera mlangoni kwa meneja uzalishaji, lilikuwa na vumbi. Kaulize shifti ya usiku nani anawasikiliza wakati HR wote mmelala.

Na kuna kitu cha kisheria ambacho hakigusi Ulaya kabisa, kifungu cha 7 cha sheria yetu ya ajira kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Muulize mkurugenzi kama wenu uko wapi. Kama haupo, uandike, na wawakilishi wa chama wawemo, kampuni yenye wanachama zaidi ya mia inatakiwa kuwa na wawakilishi 15 na watano kati yao wawakilishe wanawake, kwa hiyo watu wa kukaa nao mezani unao.

Ile fomu ijaze ukimaliza hayo. Penye ndiyo weka ndiyo na karatasi ya kuthibitisha, penye hapana weka hapana, na mbele yake andika mwezi mtakaokuwa mmerekebisha na jina la mtu anayehusika. Mkurugenzi akikataa mwombe akuandikie maagizo yake kwa barua pepe. Namba za zile orodha za mafunzo nitumie, hata bila jina la kampuni, nataka kuziona.